Bahari ndani ya jengo, na mlangoni hudaiwi hata senti

MSOMAJI, ni lini mara ya mwisho ulipoingia mahali pa kupendeza, ukaangaza macho huku na huku ukitafuta dirisha la kulipia, na usilione? Wengi wetu tumezoea kwamba penye kitu cha kutazama hapakosi mtu mwenye kitabu cha tikiti mkononi. Mzazi mwenye watoto wanne huanza hesabu angali kwenye matatu: mimi na mama yao, hawa wanne, nauli ya kurudi, soda na mandazi. Aghalabu hesabu hiyo inapokamilika, safari nayo huwa imekwisha kabla ya kuanza.

Ndiyo sababu Jumapili hii tunakupeleka mbali kidogo, hadi mji wa Busan, kusini mwa Jamhuri ya Korea. Huko kuna makumbusho ya kitaifa ya bahari yenye meli, vyombo vya mabaharia na tangi kubwa ambamo papa na kasa huogelea, na mlango wake haudai kiingilio. Huenda una mwanao anayesomea huko. Huenda mumeo ni baharia na meli yake hutia nanga hapo mara moja kwa mwaka. Huenda pia hutawahi kufika. Hata hivyo usifunue ukurasa, kwa maana lililomo ndani ya jengo hilo latuhusu sisi wa Mombasa, Lamu, Kilifi na Kisumu kuliko tunavyodhani.

KISIWA KAMA MOMBASA

Busan ni mji wa pili kwa ukubwa nchini humo baada ya Seoul, na una wakazi zaidi ya milioni tatu. Ukipanda treni ya kasi kutoka Seoul utafika kwa muda wa saa mbili na nusu hadi tatu, nao umbali wenyewe haupungui sana ule wa kutoka Nairobi hadi Mombasa.

Mfanano hauishii hapo. Kama Mombasa, Busan ni mji wa pili na bandari kuu ya taifa. Kama Mombasa, sehemu yake ya kale ya mabaharia ni kisiwa kilichoungwa na bara. Kisiwa hicho huitwa Yeongdo, na ndicho chenye makumbusho tunayoyazungumzia. Jina lake la kale lina maana ya kisiwa cha kukata kivuli. Wenyeji husimulia kwamba hapo zamani kilikuwa malisho ya farasi, na farasi hao walikuwa na mbio kiasi kwamba vivuli vyao vilikatika vikaachwa nyuma.

Daraja la kwanza la kwenda kisiwani lilifunguliwa mwaka wa 1934, na sehemu yake moja iliweza kuinuliwa ili meli zipite. Wakati wa vita vya Korea, kati ya 1950 na 1953, Busan iligeuka kuwa mji mkuu wa muda na ikafurika wakimbizi. Watu waliopotezana njiani walikuwa wameagana jambo moja tu: tukitengana, tukutane kwenye daraja la Yeongdo. Wengine walikutana. Wengine walisimama pale siku nyingi wakiangalia kila uso uliopita. Daraja liliacha kuinuliwa mwaka wa 1966, likatengenezwa upya na kuanza kuinuliwa tena mwaka wa 2013.

Leo bandari ya Busan ni miongoni mwa bandari kumi kubwa zaidi duniani kwa makontena. Kila mwaka hupitisha zaidi ya makontena milioni 20 ya kipimo cha futi ishirini. Kwa kulinganisha, bandari yetu ya Mombasa ilipita milioni mbili kwa mara ya kwanza mwaka wa 2024. Tofauti ni kubwa, lakini kazi ni moja: kreni, kamba, chuma, na mtu anayeamka alfajiri kwenda zamu.

TONE LA MAJI

Makumbusho ya Kitaifa ya Bahari yalifunguliwa Julai 2012 ukingoni mwa maji, jirani na chuo kikuu cha mambo ya bahari na gati la meli za watalii. Utalitambua jengo ukiwa mbali. Lilichorwa kwa umbo la tone la maji, jembamba chini na pana juu, kana kwamba limedondoka likasita kabla ya kugusa ardhi.

Hufungwa siku ya Jumatatu, kwa hivyo usijipangie Jumatatu ukarudi na watoto wenye nyuso za huzuni. Maonyesho ya kudumu huyaona bure. Mara kwa mara huwa na shughuli za pekee ambazo hutozwa pesa, lakini hata usipozigusa hizo, siku yako imejaa.

Sasa hapa, msomaji, tusimame kidogo. Bure si maana yake kwamba hakuna aliyelipa. Taa zinawaka, maji ya tangi yanachujwa usiku na mchana, walinzi na wapishi wa chakula cha samaki wanapokea mshahara. Aliyelipa ni mwananchi kwa kodi yake. Mwaka wa 2008 serikali ya Korea iliamua kwamba makumbusho ya taifa yafungue kumbi zao za kudumu bila kiingilio, na makumbusho haya yalipofunguliwa miaka minne baadaye yalifuata nyayo hizo. Hoja yenyewe ni nyepesi kuielewa. Mtoto wa mchuuzi wa samaki na mtoto wa mwenye meli wote ni wa taifa moja lililolishwa na bahari, basi wote na waingie kwa mlango mmoja.

MELI ILIYOLETA VIAZI VITAMU

Kitu kinachomvuta mgeni kati ya vyombo vilivyomo ni meli ya mbao iliyojengwa kwa nusu ya ukubwa wake wa asili. Imechorwa kwa rangi na nakshi, na hata kwa nusu hiyo yakulazimu kuinua shingo. Meli kama hii ndiyo iliyobeba wajumbe wa mfalme wa Korea kwenda Japani.

Kisa chake chafaa kusimuliwa watoto. Kati ya 1592 na 1598 majeshi ya Japani yaliivamia Korea, na maangamizi yakawa makubwa. Baada ya damu kama hiyo, wengi wangetarajia uadui wa milele. Badala yake, kuanzia 1607 hadi 1811, Korea ilituma misafara kumi na miwili ya wajumbe kuvuka mlango wa bahari. Kila msafara ulikuwa na mamia ya watu: mabalozi, wakalimani, waandishi, matabibu, wachoraji na wapiga ngoma. Nanga ziling'olewa Busan. Mwaka wa 2017 hati za misafara hiyo ziliingizwa katika orodha ya UNESCO ya kumbukumbu za dunia, baada ya watu wa nchi zote mbili kuziombea kwa pamoja.

Na katika safari ya 1763, balozi mkuu Jo Eom alipofika kisiwa cha Tsushima aliona watu wakila kiazi ambacho hakikujulikana kwao. Aliuliza kinavyopandwa, akapeleka mbegu yake Busan. Inasimuliwa kwamba shamba la kwanza lilikuwa papa hapa Yeongdo. Kilikuwa kiazi kitamu, kile kile unachochemsha jikoni kwako kwa chai ya asubuhi. Huko Korea huitwa goguma, na wataalamu wanasema jina hilo limetokana na neno la Tsushima lenye maana ya kiazi cha kuwatunza wazazi, maana wakati wa njaa ndicho watoto walichowapa wazee wao.

Basi mtoto akiiona meli ile, usimwambie ni nzuri tu. Mwambie ilibeba amani, na ilirudi na chakula.

Mtu wa pwani ataona jambo jingine. Meli za kale za Korea zilikuwa bapa chini na mbao zake ziliungwa zaidi kwa misumari ya mti. Kwa nini bapa? Kwa sababu upande wa magharibi wa nchi hiyo maji hupwa na kujaa kwa tofauti inayofika mita tisa, ilhali Mombasa ni mita tatu na ushei. Maji yakipwa, chombo chenye mkuku mkali hulala ubavu, lakini kilicho bapa hukaa wima juu ya tope kikingoja maji yarudi. Mababu zetu nao walikuwa na mtepe, uliofumwa kwa kamba za makumbi ya nazi bila msumari wa chuma. Watu wasiojuana, bahari mbalimbali, na kila fundi akatafuta dawa ya ufuo wake.

MBELE YA TANGI

Ukisikia vifijo vya watoto, jua umekaribia tangi la samaki. Ni tangi la duara, nawe hulizunguka huku samaki nao wakikuzunguka. Taa hupita na mabawa yake kama shuka inayopepea. Papa hukata kona pole pole. Kasa huja hadi usoni mwako, akakutazama kwa jicho la mzee, kisha akaenda zake juu kuvuta pumzi.

Hapo ndipo mtoto huanza maswali, na si vibaya mzazi akiwa na majibu mawili matatu mfukoni.

Kwa nini kioo hakipasuki? Kwa sababu si kioo kama cha dirisha. Matangi makubwa hutengenezwa kwa akriliki, aina ya plastiki ngumu inayopitisha nuru na iliyo nyepesi kuliko kioo. Huhitaji kuwa nene, kwani kila unapokwenda chini maji huzidi kusukuma. Katika bahari, kila mita kumi za kina huongeza msukumo sawa na ule wa hewa yote iliyo juu ya vichwa vyetu.

Kwa nini tunakatazwa kugonga? Kwa sababu samaki ana mstari wa hisia ubavuni, na kwa mstari huo huusikia mtikisiko wa maji mwilini mwake. Kidole chako kwenye ukuta wa tangi ni kama mtu anayekupigia debe sikioni ungali usingizini.

Kasa ni samaki? La hasha. Ni jamaa wa kobe, ana mapafu, na akinaswa kwenye wavu chini ya maji hufa kwa kukosa hewa kama wewe na mimi. Mayai yake huyafukia mchangani ufuoni, na joto la mchanga ndilo linaloamua jinsia: mchanga wenye joto zaidi hutoa majike, ulio baridi hutoa madume. Jike akikomaa hurudi kutaga katika pwani ileile ya alikozaliwa. Mwambie mtoto kwamba kasa kama hao hutaga hata Watamu, ambako tangu 1997 kuna watu wanaolinda viota na kuwakomboa kasa walionaswa katika nyavu za wavuvi. Hapo kasa wa Korea hatakuwa tena mnyama wa kigeni. Atakuwa jirani aliye ng'ambo.

WANAWAKE WA BAHARI

Ukitoka nje, usikimbilie basi. Kisiwa chenyewe ni nyongeza ya makumbusho. Kwenye mawe ya ufuo wa Yeongdo bado wako haenyeo, yaani wanawake wa bahari. Asili yao ni kisiwa cha Jeju, ambako kwa vizazi vingi wanawake ndio waliopiga mbizi kutafuta konokono wa bahari, pweza na mwani. Hawabebi mtungi wa hewa. Hujaza kifua, wakashuka hata mita kumi, wakakaa dakika moja au zaidi, kisha wakaibuka na kutoa mluzi mrefu wa pumzi unaosikika ufuoni. Wengi wao leo ni nyanya zetu kwa umri, wengine wamepita miaka sabini. UNESCO iliutambua utamaduni wa Jeju mwaka wa 2016, na Yeongdo wenyewe wakafungua chumba kidogo cha maonyesho ya haenyeo wao mwaka wa 2019.

Upande mwingine wa kisiwa, karibu na karakana za meli, kuna mtaa ambao watu waliubandika jina la kkangkkangi. Tamka mara mbili na utajua maana yake: ni mlio wa nyundo kwenye bati la meli. Waliokuwa wakigonga kutu ili meli ipakwe rangi upya walikuwa wanawake, wengi wao wake wa watu waliopoteza kila kitu vitani au wajane wenye watoto wa kulea. Waliketi kwenye ubao ulioning'inizwa kwa kamba ubavuni mwa meli, kutwa nzima. Wengi masikio yaliwaharibika. Watoto wao wakasoma kwa nyundo hizo.

Tunakutajia haya, mama unayesoma ukurasa huu, kwa kuwa hadithi za bahari huandikwa kana kwamba baharini kuna manahodha tu. Nyuma ya kila nahodha pana mtu aliyekwangua kutu.

BAHARI ICHUKUAYO

Yeongdo pia pana mnara uliosimamishwa mwaka wa 1979 kuwakumbuka mabaharia waliokufa kazini. Uko juu ya njia iendayo kwenye majabali ya Taejongdae, ukitazama maji. Ukipata nafasi, pita hapo baada ya kuona makumbusho, hasa ukiwa na watoto wakubwa.

Sababu ni hii. Mwezi wa Juni 1957, nchi ikiwa bado maskini na majengo yake yakiwa bado magofu ya vita, meli moja iliyoitwa Jinam iliondoka Busan. Jina hilo lina maana ya kuelekea kusini. Ilikwenda katika Bahari Hindi, bahari hii yetu, kujaribu kuvua jodari kwa mshipi mrefu wenye ndoana nyingi, kazi ambayo hakuna meli ya Korea iliyokuwa imeifanya kabla. Ilirudi na samaki, na baada yake zikafuata nyingine nyingi. Pesa za jodari zilisaidia kuinua nyumba nyingi za Busan. Lakini si wote walioondoka waliorudi, na mnara ule ndio kaburi la wale wasio na kaburi.

Sisi nasi tumo katika hadithi hiyo. Tarehe 9 Oktoba 2010 chombo cha uvuvi cha Korea kiitwacho Golden Wave kilitekwa na maharamia wa Kisomali karibu na pwani ya Lamu. Kilikuwa na watu 43. Wawili walikuwa Wakorea, wawili Wachina, na waliobaki wote, watu 39, walikuwa Wakenya. Walishikiliwa miezi minne, hadi Februari 2011. Kwa miezi hiyo minne, katika nyumba 39 za Kenya, palikuwa na mama au mke aliyeamka kila asubuhi akitega sikio kwenye redio.

Almuradi, msomaji, bahari si pambo la kalenda. Ni kazi, chakula na hatari. Taifa linalowapeleka watoto wake huko bila kuwafundisha bahari ni nini linawapeleka wakiwa wamefumba macho. Hiyo ndiyo maana ya mlango wa bure kule Busan. Haukufunguliwa ili watu wapoteze wakati siku ya mvua.

UKIENDA NA WATOTO

Iwe ni Busan au kwingineko, kuna namna ya kuzuru makumbusho na watoto na usitoke ukiwa umechoka kama aliyebeba mawe.

Kwanza, usijaribu kuona kila kitu. Mtoto wa miaka sita huanza kuburura miguu baada ya saa moja na nusu. Chagua vitu vitatu, uvione vizuri, uondoke angali akitamani kubaki.

Pili, ukiwa na wadogo, anza na samaki. Wakishashiba kutazama papa watakuwa na subira ya kutazama meli. Ukiwa na wakubwa, geuza: meli kwanza, samaki mwisho, kama nyama inavyowekwa pembeni ya sahani.

Tatu, usimsomee mtoto kibao kizima. Muulize maswali matatu mbele ya kila kitu: nani alikitengeneza? Kilimsaidia nini? Kama kisingekuwepo, angefanyaje? Utashangaa majibu yake. Mpe pia kalamu na karatasi, achore kitu kimoja tu. Alichokichora hatakisahau.

Nne, kula kabla ya kuingia, na ufuate adabu za wenyeji. Wakorea huinamisha kichwa wanaposalimiana, na kitu hukipokea kwa mikono miwili, hasa kutoka kwa mkubwa. Mtoto aliyelelewa vyema Pwani au bara hatapata taabu na hilo, maana hata kwetu mkubwa hapewi kitu kwa mkono wa kushoto.

Tano, ukibaki na saa moja, ghorofa ya chini kuna maktaba ya vitabu vya bahari ambapo waweza kuketi. Na karibu na hapo, mwendo mfupi, pana ukumbi mdogo wa Dongsam-dong, nao ni wa bure, unaoonyesha mabaki ya watu walioishi kwenye ufuo huo maelfu ya miaka iliyopita na kuacha marundo ya makombe waliyokula. Kati ya mabaki hayo mna kombe moja lililotobolewa matundu matatu, mawili ya macho na moja la kinywa. Ni uso. Aliyeutoboa hatumjui, lakini mtoto akiutazama hucheka, na bila shaka ndivyo alivyocheka mtoto wa kwanza aliyeonyeshwa.

NA SISI JE?

Hapo utauliza: mwandishi, Busan ni mbali, mimi niko Changamwe, nifanyeje? Swali zuri.

Nyumbani hatuna jengo moja lililokusanya yote hayo, lakini vipande vyake tunavyo. Fort Jesus, ngome waliyoijenga Wareno kati ya 1593 na 1596, ina vitu vilivyoopolewa kutoka kwa meli yao Santo António de Tanná, iliyozama chini ya kuta zake mwaka wa 1697 wakati Waarabu wa Oman walipoizingira ngome. Wapiga mbizi walianza kuichimbua mwaka wa 1977. Watoto wengi wa Mombasa hupita kando ya ngome hiyo kila wiki bila kujua kwamba maji wanayoyatazama yalificha meli nzima kwa karibu miaka mia tatu. Makumbusho ya Lamu yana vielelezo vya vyombo vya pwani. Ya Kisumu, yaliyofunguliwa mwaka wa 1980, yana matangi ya samaki wa Ziwa Victoria. Huko mtoto aweza kumwona kamongo akiwa hai, ukamweleza jinsi mbuta alivyoletwa ziwani katika miaka ya 1950 na jinsi fulu wa aina nyingi walivyotoweka baadaye.

Kwingi kati ya huku pana kiingilio, ingawa mwananchi hulipa kidogo kuliko mgeni. Kidogo hicho kwa mwenye watoto wanne si kidogo. Wenye madaraka ya makumbusho na serikali za kaunti wangefikiria hata siku moja kila mwezi ya kufungua mlango kwa wanafunzi na wazazi wao, hasa wale waishio kwenye ufuo wenyewe. Mtoto wa Kuze au Kibokoni aliye mwendo wa dakika tano kutoka Fort Jesus hafai kuijua ngome kwa ukuta wake wa nje pekee. Leo tunasema tunataka uchumi wa bahari, na mwaka wa 2018 tuliandaa mkutano mkubwa wa dunia kuhusu jambo hilo mjini Nairobi. Uchumi huo utafanywa na nani, kama si mtoto huyo?

Wakati tukingoja, yako mengine ambayo hayana dirisha la kulipia hata leo. Maji yakipwa, mpeleke mwanao ufuo wa umma wa Bamburi au ulio karibu nawe, mwende kwenye vidimbwi vilivyobaki mawemawe. Humo mna kaa, kiti cha pweza, jongoo wa bahari na visamaki vyenye rangi za kanga. Tazameni, msing'oe, mrudishe kila jiwe mlivyolikuta. Ukiwa upande wa Lamu, ulizia mafundi wa Matondoni, usalimie kwa heshima, uombe ruhusa ya kuketi chini ya kivuli utazame mashua ikiundwa. Na kama mtaani kwenu yuko mzee aliyewahi kuwa baharia, mtume mtoto kwake na swali moja: babu, usiku baharini mlijuaje njia? Utakuwa umemfungulia mlango ambao siku moja mzee huyo ataufunga aende nao.

Wahenga walisema mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Tumekwenda hadi Busan, tukazunguka meli na tangi la papa, na tumerejea kwetu. Bahari ni ileile inayogonga kingo za Yeongdo na za Kilindini. Wenzetu wameamua kwamba kila mtoto wao ataijua. Wako je, mzazi, utaanza naye lini?